Kibuyu Kimemshinda Ngamia

Garissa,
22 Novemba 1967

Kwa kaka yangu Keinan,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, na wifi yangu Sharifo mzima, na wale watoto tunaowajua kwa picha tu wazima pia. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Aabo, baba yetu, yu mzima na sauti yake ni ile ile ya kusikika ng'ambo ya mto. Hooyo, mama yetu, naye mzima, na magoti yake yameacha kumsumbua tangu mvua ianze, ingawa magoti ya watu wengine wote wa Garissa huanza kuuma mvua inaponyesha. Kuhusu mvua yenyewe, walaal, ndugu yangu, nikueleze nini? Tana umefura mpaka umekaribia mashamba ya ndizi, malisho yamerudi, na maziwa ni mengi hivi kwamba paka wa sokoni wameanza kuchagua.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na usidhani nimegeuka mtu wa pwani. Kisomali chetu kila mtu anakiandika kivyake, na nikikiandika mimi, kesho yake mwenyewe nashindwa kukisoma. Zaidi ya hayo nataka wifi Sharifo asome kila neno, kwa sababu mwisho wa barua nina jambo linalohitaji shahidi. Wifi yangu, tafadhali, usimwachie aisome peke yake. Na kama yuko bwana yeyote wa serikali aliyeifungua barua hii kabla yenu, kama wasemavyo watu, basi naye namsalimu. Asiiache njiani, aisome mpaka mwisho.

Haya, kaa chini. Chama cha Aabo kimeshinda.

Rudia tena kusoma kama huamini. Aabo wetu, Duale Nunow, dalali wa mbuzi, ndiye diwani wa kata yetu tangu Jumamosi iliyopita. Nilipokuwa narudi nyumbani nilicheka peke yangu njiani mpaka mwanamke mmoja akanisomea dua.

Wewe uliondoka chama kikiwa bado kichanga, kwa hiyo wifi hakijui kabisa, na huenda wewe umejisahaulisha. Wifi, kilianzishwa sokoni, kwenye soko la mifugo, siku ambayo wanasiasa walikuja na magari mawili kuhutubia. Mmoja alizungumzia bendera, wa pili akazungumzia mpaka, na Aabo akanyoosha mkono na kuuliza nani atazungumzia maziwa. Watu walicheka sana. Aabo hakucheka. Wiki ile ile alikusanya wachuuzi na madalali wenzake wakaandikisha chama. Jina lake la kwenye karatasi ni Umoja wa Wakazi wa Ukingo wa Tana, lakini sijamsikia mtu aliyelimaliza bila kupumzika katikati. Alama waliyopewa ni kibuyu cha maziwa, basi mji mzima unakiita Chama cha Kibuyu.

Katibu wa kwanza alikuwa mumeo, wifi. Sijui kama amekwambia. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote na Aabo alikuwa akiwaonyesha wageni kumbukumbu za mikutano kama vile anaonyesha mtoto mchanga. Halafu ukaja uchaguzi wa kwanza wa diwani, kabla ya uhuru, na Aabo akagombea dhidi ya Abti Dubow. Abti ni mjomba wetu, kaka yake Hooyo tumbo moja, na yeye ni mtu wa chama kikubwa, alama yao ngamia. Wallahi, tulipigwa vibaya. Jioni ile Keinan akasimama mbele ya watu akasema kwamba wakati wanaume wengine wanabishana juu ya nchi, baba yake anabishana juu ya maziwa, na kwamba yeye hawezi kuwa karani wa kibuyu. Kesho yake akapanda lori la Mombasa. Hilo lilikuwa mwaka sitini na mbili, na hajarudi tangu hapo.

Sikulaumu, kaka. Ulikuwa kijana na ulikuwa na hasira, nasi sote tulikuwa na hasira miaka ile. Nakukumbusha tu ili ujue kilichofuata.

Mwaka sitini na tatu mji mzima ulisusia kura. Watu walisema hawawezi kuichagulia Kenya wabunge na wao wanataka kwenda na ndugu zao wa Somalia. Aabo naye alisusia pamoja na majirani zake, kwa sababu Aabo hawezi kuwaacha majirani hata wakienda kuruka shimoni. Lakini alikuwa akitembea kifua mbele. Ukimuuliza anafurahia nini, anasema ule ndio uchaguzi pekee ambao chama chake hakikushindwa na mtu.

Vita vya mpaka vilipoanza hatukucheka tena kwa muda mrefu. Hayo unayajua na sitaki kuyajaza kwenye barua ya furaha. Nitakwambia tu kwamba tumezika watu uliocheza nao, na kwamba mume wa Lul, yule jirani yetu muuza maziwa, alitoka na ngamia zake upande wa Diff, kule mpakani, na hatukuwaona tena, yeye wala ngamia. Amri ya kutotembea usiku ilituzoesha kulala na kuku. Mikusanyiko ilikatazwa, kwa hiyo Chama cha Kibuyu kikawa kinakutana mlangoni pa msikiti wakati wa kuvaa viatu. Wazee wale walikuwa wanachukua muda mrefu kufunga ukanda wa kiatu kimoja kuliko imamu kumaliza hotuba!

Ndipo kikawekwa kizuizi kwenye barabara ya kutoka malishoni, ile ile wanayoingilia malori ya pwani. Kinafungwa jioni na kinafunguliwa jua likishapanda. Hapo ndipo maneno ya Aabo juu ya maziwa yalipoacha kuwa mzaha. Hoteli za chai hupika mara baada ya sala ya alfajiri, na madereva wa malori hunywa na kuondoka. Sisi wanawake wa maziwa tulikuwa tunafika kizuizini gizani na kungoja huko na vibuyu vyetu mgongoni, na tukiruhusiwa kupita, hoteli zimekwisha kupika kwa maziwa ya kopo. Maziwa uliyoyafukizia kibuyu vizuri kwa kaa la mgunga, yakanukia, unayauza kwa bei ya kutupa, au unarudi nyumbani kuyagandisha. Lul na watoto wake wameishi hivyo karibu miaka minne. Mimi pia, na Hooyo pia.

Mwaka sitini na tano Aabo aligombea tena, kwa neno moja tu: kizuizi kifunguliwe alfajiri. Abti Dubow akamshinda tena, akawa diwani tena. Abti si mtu mbaya, unamjua. Alisema tu kwamba kizuizi ni mambo ya serikali na diwani hawezi kukigusa. Jioni ile Aabo aliapa viapo viwili mbele ya wazee. Cha kwanza, hatatia hina ndevu zake mpaka Kibuyu kishinde. Cha pili, akishindwa mara ya tatu atakivunja chama na kile kibao chenye jina refu atakifanya mlango wa zizi la mbuzi. Kwa hiyo ndevu zikabaki nyeupe, na Hooyo akawa anasema aliolewa na kijana na sasa analala na babu.

Ukaja mwaka huu. Mwezi uliopita wakubwa wa Kenya na Somalia walipeana mikono kule Arusha, watu wakaanza kupumua, na uchaguzi wa diwani ukatangazwa. Sote tulijua hii ndiyo mara ya mwisho. Kibuyu kikishindwa, hakuna mtu mwingine atakayelitaja neno kizuizi. Lul alikuwa akiniuliza kila asubuhi kama Aabo atashinda, nami nilikuwa nikimjibu inshallah kwa sauti ya mtu asiyejua.

Kila alasiri wazee wa chama walikuja nyumbani kuhesabu kura. Walihesabu kwa punje za buni, fungu moja kwa kila nyumba. Nyumba ya fulani ni ya Kibuyu: mume, wake zake wawili, mama mkwe, basi punje nne upande wa Kibuyu. Nyumba ile ni ya Ngamia: mume, mke, punje mbili upande ule. Na kila siku, kaka, Kibuyu kilishinda! Fungu letu lilikuwa kubwa kuliko lao. Aabo alikuwa akiliangalia na kutikisa kichwa, kwa sababu hata mwaka sitini na tano punje zilimpa ushindi, na sanduku likamnyima. Alidhani kuna mtu anaiba. Hooyo alikuwa akingoja wamalize, anazikusanya zile punje zote, za Kibuyu na za Ngamia, anazikaanga kwa samli na kuwaletea wazitafune. Nilimwona akitabasamu kila mara, nikadhani ni furaha ya kukirimu wageni.

Jambo jingine nililiona na sikulielewa. Wiki ya mwisho wanawake wa maziwa walikuwa na safari nyingi za ghafla. Huyu anakwenda kumsalimu kaka yake, yule anakwenda kwa kaka zake kunywa chai. Nilimuuliza Lul kuna nini, akasema tu kwamba damu ni nzito kuliko maji, na akanikabidhi kibuyu chake nimwuzie.

Siku ya kura ilinyesha asubuhi, halafu jua likatoka. Watu walijipanga wakiwa na matope mpaka magotini na bado walikuwa wakitaniana. Vijana wa Abti walileta ngamia halisi, amepambwa vishada, lakini akagoma kusimama na akalala katikati ya barabara mpaka saa ya kufunga. Lul alisema hata ngamia mwenyewe amechoka na chama chake. Kura zilipohesabiwa mbele yetu, tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilikuwa upande wetu. Mtu wa uchaguzi akalisoma jina la Duale Nunow. Aabo akageuka nyuma kutazama ni Duale yupi anayeitwa! Hapo wanawake walipiga vigelegele hivi kwamba yule ngamia akainuka mwenyewe. Mimi nililia. Nilikuwa nimeshikana na Lul, tunalia na kurukaruka kwenye matope kama wasichana.

Sasa nifike kwenye siri, ambayo nimeikalia tangu mwanzo wa barua kama mtu aliyekalia kaa la moto.

Jumapili tulichinja. Mji mzima ulikuja, na Abti Dubow akaja pia, na fahali mnene wa kumpongeza shemeji yake. Aabo, ambaye tayari alikuwa ameanza kusema kama diwani, aliwaeleza wageni kwamba ushindi umetokana na hotuba zake. Abti akacheka mpaka akapaliwa na nyama. Alipopata pumzi akamwomba Hooyo aseme mwenyewe, maana yeye hawezi kuendelea kubeba siri hii na aibu hii kwa pamoja.

Hooyo akasema. Alisema kwanza kwamba mwaka sitini na mbili alimpigia kura Abti Dubow, na mwaka sitini na tano akampigia Abti Dubow.

Kaka yangu! Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, lakini nani aliwahi kufikiri kwamba nguo yenyewe ni ya Aabo? Hooyo aliendelea kwa utulivu kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Alisema wanaume wale wenye punje wanazijua nasaba zao mpaka babu wa ishirini, halafu wakihesabu kura wanasahau jambo ambalo kila mtoto analijua: mwanamke akiolewa haachi jina la baba yake. Yeye ni mtu wa nyumba ya baba yake mpaka kaburini. Mume akimkosea, kaka zake ndio wanaokuja. Akifiwa, kaka zake ndio wanaomchukua. Sasa kaka huyo akisimama kugombea, au akiwa mtu wa Ngamia, dada yake atamnyima kwa uso gani? Nusu ya zile punje za wake zilizowekwa upande wa Kibuyu zilikuwa za Ngamia siku zote, na yeye alikuwa akizikaanga tu.

Basi mwaka huu, alisema, alimtazama Lul kizuizini asubuhi moja na akaona hawezi tena. Lakini pia hakuweza kumwibia kaka yake kura kimyakimya. Akakumbuka haki ya dada. Wifi, huenda kwenu haipo, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mwanamke aliyeolewa ana haki ya kurudi kwa kaka yake na kudai zawadi, mtamba au ngamia jike, na kaka hawezi kukataa. Hooyo hakuwahi kudai. Hakudai alipojifungua Keinan, hakudai aliponizaa mimi, hakudai hata mwaka wa ukame. Basi akaenda kwa Abti mchana, wageni wakiwapo barazani, akasema amekuja kuchukua haki yake. Abti alifurahi kupita kiasi. Uchaguzi umekaribia, watu wanamtazama, nafasi gani nzuri zaidi ya kuonekana karimu? Akaapa kwa Mungu mbele yao wote kwamba dada yake atapewa atakachotamka, hata kama ni ngamia bora kuliko wote zizini.

Hooyo akamwambia kwamba ngamia hataki. Anaomba arudishiwe kura yake mwenyewe.

Abti alisema pale karamuni kwamba alitafuta njia ya kutokea na hakuiona. Alikuwa amekwisha kuapa, na mashahidi wamejaa baraza. Akampa. Akawasihi wageni wasilitoe neno lile nje, dada za watu wengine wasije wakalisikia. Lakini Lul alikuwa nje ya mlango na kibuyu chake, amemsindikiza Hooyo! Kufikia jioni kila mwanamke wa maziwa alikuwa ameanza safari kwa kaka yake. Kaka wote wa mji huu walidaiwa wiki ile ile, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyepatikana, kwa hiyo wote walinyamaza kwa aibu.

Sote tulimgeukia Aabo. Nilikuwa na hofu, sikufichi. Alizishika ndevu zake nyeupe. Halafu akamuuliza Hooyo kwa nini hakumwambia miaka yote hii. Hooyo akajibu kwamba Aabo aliomba kura kila nyumba ya kata hii, hata kwa wenye maduka waliomfukuza, lakini nyumbani kwake hajawahi kuomba hata siku moja. Aliihesabu tu.

Aabo alianza kucheka polepole, tumboni kwanza, halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka, na Abti naye, na wazee wa punje nao, na nilipotazama machozi yalikuwa yakimtiririka. Kisha akasimama mbele ya wageni wote, akamwomba mkewe kura yake kwa uchaguzi ujao, kwa adabu kabisa. Hooyo akasema atafikiri. Kesho yake alimtia hina mwenyewe, na sasa ndevu zile ni nyekundu hivi kwamba mbuzi wanamkimbia.

Jumatatu Aabo na Abti walikwenda pamoja ofisini kwa DC, mkuu wa wilaya, mshindi na mshindwa, naye akakubali, na tangu jana kizuizi kinafunguliwa mara tu baada ya sala ya alfajiri. Nilipita na wenzangu bado kuna baridi. Lul aliuza kibuyu chake chote kwenye hoteli ya kwanza, akasimama pale mikono mitupu, hajui aelekee wapi mapema namna ile. Nilimpeleka tukanywa chai kama wateja.

Sasa, walaal, nimefika mwisho, na wewe umeshaanza kushuku. Wifi Sharifo, sogea karibu.

Kwa miaka hii mitano Aabo hajamweka katibu mwingine. Mtu akimuuliza, husema katibu wetu yuko safarini. Hajaniambia nikuandikie. Hatasema, na wewe pia hutauliza, kwa sababu mmetoka kwenye kichwa kigumu kimoja. Wakati wa vita nilikuwa nakutetea kwamba barabara zimefungwa. Sasa zimefunguliwa, na mimi sina la kukutetea.

Lakini mimi ni dada yako. Niliolewa ukiwa hupo, nikajifungua ukiwa hupo, na haki yangu sijaidai hata mara moja. Leo naidai, mbele ya Hooyo aliyeketi hapa, na Lul, na mkeo anayesoma. Sitaki kitambaa cha Mombasa, sitaki mtamba. Nataka urudi nyumbani na wanao kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, ukae kwenye kile kiti chako cha katibu karibu na Aabo. Kama utanikataa, nikatae, lakini utakuwa kaka wa kwanza wa ukoo wetu kumnyima dada haki yake, na wifi atakuwa shahidi.

Hooyo anawasalimu sana na anaomba uwalete watoto na nguo za baridi za alfajiri. Abti Dubow anakusalimu na anasema nyumba yake haipokei dada tena mpaka uchaguzi mwingine upite. Lul anakusalimu. Aabo hajui kama ninaandika, lakini amepita hapa mara tatu na kuniuliza wino umebaki kiasi gani. Wabusu watoto mashavuni kwa niaba yangu, na Mungu awalinde njiani.

Malori ya usiku hufika kizuizini mapema. Usiwe na wasiwasi, siku hizi hutangoja.

Ni mimi dada yako anayekudai,
Ebla Duale